Amplifaya Iko Kabatini, Rimoti Imegoma: Kutafuta Hitilafu ya Ripita ya Infraredi

Ukishaficha amplifaya, kisimbuzi na deki ya CD ndani ya kabati, sebule inapendeza na rimoti inakufa. Mwanga wa infraredi haupenyi mbao. Hapo ndipo watu hununua ripita: jicho dogo la kubandika chini ya TV, kisanduku cha kuunganishia, nyaya nyembamba zenye kitaa kwenye ncha, na adapta ya umeme. Jicho linaona rimoti, kisanduku kinapeleka habari, na kitaa kinamulika usoni mwa amplifaya kana kwamba umeketi nayo humo ndani. Vitaa hivi nitaviita vimulimuli. Kazi yao ni ileile ya mdudu, tofauti ni kwamba mwanga wao hatuuoni.

Nimefunga na kufungua mifumo hii ya kutosha kujua kwamba kisanduku chenyewe huwa na hatia mara chache sana. Ugonjwa hukaa kwenye ncha mbili: mwanga unapoingia, na mwanga unapotoka. Wengi wanaoniita wameshanunua seti ya pili, nayo imegoma vilevile. Sababu ni kwamba kimulimuli cha kwanza kilibandikwa sentimita mbili pembeni ya dirisha la amplifaya, yaani pale usoni mwake inapopokelea rimoti, na cha pili kikabandikwa palepale. Basi weka pesa mfukoni kwanza.

DAKIKA TANO ZA MWANZO

Fungua mlango wa kabati, bandua kimulimuli, simama mita moja mbele ya amplifaya, elekeza rimoti na ubonyeze. Ikikubali, rimoti na amplifaya ni wazima, na shida iko kwenye ripita. Ikikataa, ripita haijahusika bado, na utapoteza jioni nzima ukiichokonoa.

Rimoti inapokataa ana kwa ana, anza na betri. Betri mpya ya alkali ina volti 1.5 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 1.2 kwenye mita ya kupimia umeme, itupe hata kama kitaa cha rimoti bado kinawaka. Zile betri za bei nafuu huvuja mapema, hasa penye joto na unyevu, kwa hiyo tazama springi: ukiona ukungu mweupe au wa kijani, futa kwa pamba yenye spiriti, kisha kwaruza taratibu kwa kipande cha msasa laini.

Halafu kuna kipimo ambacho kila mtu anacho mfukoni, nacho ni kamera ya simu. Elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe, tazama kioo cha simu. Infraredi ya rimoti, ambayo kwa kawaida iko karibu na nanomita 940, itaonekana kama kinukta cheupe au cha zambarau kinachopepesa. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipiga picha, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huu. Jizoeze kwanza kwa rimoti unayojua ni nzima. Kamera hii tutaihitaji tena.

Hakikisha pia kwamba rimoti yako ni ya infraredi kweli. Fire TV Stick na visanduku vingi vya Android hutumia mawimbi ya redio, na hayo hupita mbao bila kuomba ruhusa. Ziba ncha ya rimoti kwa kiganja na ubonyeze: kifaa kikiendelea kutii, hakihitaji ripita, na ripita haitakisaidia kwa lolote.

La mwisho kabla hatujaingia ndani: amplifaya nyingi zina swichi kuu ya kubonyeza kwa kidole. Ikiwa imezimwa hapo, hakuna rimoti duniani itakayoiamsha. Nyingine, kama Marantz kadhaa, zina kiswichi nyuma cha kuchagua jicho la mbele au waya wa nje. Kikisukumwa upande wa nje, mara nyingi na mtu aliyekuwa anapangusa vumbi, jicho la mbele linakuwa pofu na kila mtu anailaumu rimoti.

"NABONYEZA, HAKUNA KINACHOTOKEA HATA KIDOGO"

Hili ndilo lalamiko kubwa. Kabla ya kubahatisha, kata mnyororo katikati: chomoa kimulimuli usoni mwa amplifaya, kilete mbele ya kamera ya simu, mwambie mtu abonyeze rimoti mbele ya jicho. Kikipepesa, kila kitu nyuma yake ni kizima, na kilichobaki ni kulenga tu. Kisipopepesa, rudi nyuma hatua kwa hatua. Kipimo hiki kimoja kinaokoa nusu ya kazi.

Kikipepesa: dirisha la amplifaya halilengwi. Kioo cheusi cha usoni kinaficha mahali lilipo, na watu wengi hukisia kwamba liko katikati. Washa tochi ya simu, iweke karibu na kioo kwa pembe, na chungulia ndani. Utaona kiduara au kijiwe cheusi chenye kinundu, ukubwa wa punje ya mtama, nyuma ya plastiki. Usipokiona, chukua karatasi ngumu, toboa tundu la milimita tano, funika uso wote wa amplifaya, kisha sogeza tundu huku mtu anabonyeza rimoti kwa mbali. Sehemu itakayojibu ndiyo. Shikilia kimulimuli kwa mkono, kijaribu mara kumi, na ubandike pale tu kinapojibu mara zote kumi.

Kisipopepesa, sababu zinakuja kwa mpangilio huu, ya kwanza ikiwa ya kawaida kuliko zote.

Umeme. Kisanduku kina kitaa cha umeme? Kinawaka? Adapta ndogo hizi hulegea kwenye ekstensheni, au mtu amechomoa achaji simu.

Pini zimebadilishana matundu. Tundu la jicho na la kimulimuli yote ni ya milimita 3.5, ukubwa wa pini ya spika za masikioni, na yanafanana kama mapacha. Tazama pini yenyewe: ya jicho kwa kawaida ina mistari miwili myeusi, yaani sehemu tatu za chuma, kwa kuwa inabeba umeme, ardhi na ishara. Ya kimulimuli ina mstari mmoja. Sukuma pini mpaka uisikie ikiingia. Pini iliyoingia robo tatu ndiyo hitilafu ninayoikuta zaidi kwenye seti mpya.

Waya wa kurefushia usiofaa. Mtu ananunua waya wa sauti wa milimita 3.5 ili kufikisha jicho ukutani. Akipewa wa mono, njia ya tatu haipo, na jicho linakosa ama umeme ama njia ya ishara yake. Waya wa jicho lazima uwe na njia tatu. Nyaya nne nyembamba za aina ya simu, au waya wa mtandao wa Cat5e, zinafanya kazi hiyo vizuri.

Kimulimuli kimekufa. Jaribu kingine kwenye tundu lilelile, na hichohicho kwenye tundu jingine. Mwenye mita aiweke kwenye kipimo cha dayodi: upande mmoja itaonyesha karibu volti 1.1, upande wa pili haitaonyesha kitu. Isipoonyesha kitu pande zote mbili, waya umekatika au kitaa kimeungua.

Jicho limekufa. Macho mengi yana kitaa kidogo kinachopepesa yanapoona rimoti. Likipepesa na kimulimuli hakifanyi kitu, shida iko kati yao. Lisipopepesa, pima kwenye nyaya zake: katika seti nyingi, njia ya ishara hukaa juu, karibu na volti za umeme wake, na hushuka kidogo huku ikitetemeka ukibonyeza rimoti. Ikiwa umeme unafika na ishara haitikisiki, badilisha jicho peke yake, si seti nzima.

Kisanduku. Sasa, na sasa tu, unaweza kukishuku.

"NIKIZIMA TV, SIWEZI KUWASHA CHOCHOTE TENA"

Hii haina fumbo. Ripita inakula umeme wa tundu la USB la TV, na TV nyingi hukata umeme huo zinapolala. Asubuhi unabonyeza rimoti, jicho halina umeme, amplifaya haiamki, unafungua kabati kwa mkono. Visimbuzi vingine vina tabia hiyohiyo. Tumia chaja ya simu ya volti 5, ichomekwe kwenye soketi isiyozimwa. Soma kwanza lebo ya ripita: kuna seti za volti 5 na seti za volti 12, na pini ya adapta inaweza kuingia kote kuwili. Ukiipa ya volti 5 umeme wa volti 12, utasikia harufu kabla hujaona moshi.

"INAKUBALI MARA MOJA MOJA"

Kwanza kabisa, gundi. Kile kibandiko cha duara kinacholetwa na kimulimuli hakikutengenezwa kwa ajili ya uso wa amplifaya inayochemka kwenye kabati la Dar es Salaam mwezi wa pili. Kinalainika, kinateleza milimita chache kwa wiki, na siku moja rimoti inaanza kuchagua. Futa uso kwa spiriti, bandika upya kwa utepe wa pande mbili unaostahimili joto, na funga waya kwenye mguu wa amplifaya ili uzito wake usivute kitaa.

Kinyume chake pia kipo. Kimulimuli chenye nguvu kilichogusana kabisa na dirisha huweza kulilewesha jicho la amplifaya, kama mtu anayepiga kelele ndani ya sikio lako: unasikia sauti lakini hupati neno. Kisogeze mbali sentimita tatu hadi tano, au kiweke pembeni kidogo, au weka kipande cha utepe wa karatasi katikati. Inashangaza ni mara ngapi kupunguza mwanga kunaponya.

Tazama na upande wa jicho. Je, fremu ya TV inalifunika kwa nusu? Umelibandika nyuma ya kioo cha rangi? Kuna mtu ameweka chombo cha maua mbele yake? Mwisho fikiria adapta chovu, inayotoa volti 5 kwenye mita bila mzigo na kuporomoka pale vimulimuli vinne vinapowaka pamoja. Ipime huku mtu anabonyeza rimoti.

"USIKU SAFI, MCHANA INAGOMA" (AU TAA IKIWASHWA)

Hapa inafaa kujua rimoti inazungumza vipi. Haiwashi mwanga tu, inaupepesa, mara nyingi mara 38,000 kwa sekunde, na juu ya mpepeso huo ndipo inapoandika amri yake kwa vipande virefu na vifupi. Jicho limefunzwa kudharau mwanga wa kawaida na kusikiliza mpepeso huo peke yake. Lakini kelele ikizidi, jicho hujipunguzia usikivu ili lisichanganyikiwe, na hapo rimoti yako inaonekana dhaifu.

Jua ni mkosaji wa kwanza. Lina infraredi tele, na dirisha linalotazama magharibi huipiga TV moja kwa moja kuanzia saa kumi jioni. Wakosaji wa pili ni zile taa za kubana matumizi zenye mirija iliyojipinda. Ndani yake kuna saketi inayopepesa mrija makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, jirani kabisa na lugha ya rimoti. TV za plasma, kwa wale ambao bado wanazo, humwaga infraredi kutoka kwenye kioo chote, na jicho lililobandikwa pembezoni mwake halipati usingizi. Taa nyeupe za LED zina infraredi kidogo mno, ndiyo maana nyumba iliyobadilisha taa zake mara nyingi hujiponya yenyewe.

Kipimo: zima taa, funga pazia, jaribu. Ikipona, huna haja ya kununua kitu. Hamisha jicho likae kivulini, liangalie mahali mnapoketi badala ya dirishani, au litengenezee kofia: kipande cha mrija mweusi wa sentimita mbili, au mkunjo wa utepe mweusi wa umeme juu yake kama ukingo wa baraza. Nimefanya hivyo kwenye nyumba iliyokuwa inagoma kila jioni tangu ihamiwe, na gharama ilikuwa utepe wa kidole kimoja. Kofia ikishindwa, tafuta jicho lililotengenezwa kwa ajili ya mazingira yenye kelele. Wauzaji huliandika kuwa linafaa kwa TV za plasma na za LCD.

"KITAA CHA JICHO KINAPEPESA CHENYEWE"

Kama hakuna aliyeshika rimoti na kitaa kinapepesa, jicho linaona kitu. Chomoa vimulimuli vyote. Kikitulia, mfumo unajisikiliza wenyewe: mwanga wa kimulimuli unatoka kabatini, unagonga kioo cha mlango au ukuta, unarudi kwenye jicho, jicho linautuma tena, na kadhalika bila mwisho. Ni kile kile kinachotokea msemaji anapopita na maiki mbele ya spika. Funika mgongo wa kila kimulimuli kwa utepe mweusi, ziba upenyo wa kabati unaotazama jicho, au hamisha jicho mbali na mlango wa kioo.

Kisipotulia, rudi kwenye jua na taa. Na ukishamaliza jua na taa, inua mito ya kochi. Nilitumia asubuhi nzima nyumbani kwangu nikibadilisha macho mawili na adapta, nikaanza hata kushuku jirani. Rimoti ya deki ya zamani ilikuwa imekaliwa chini ya mto, kitufe kimebonyezeka, inaimba peke yake tangu jana yake. Jicho moja linaweza kusikiliza rimoti moja tu kwa wakati.

"KIMOJA KINATII, KINGINE KIMEGOMA"

Badilishaneni vimulimuli kwanza: kile cha kisimbuzi kinachotii kipelekwe kwenye amplifaya iliyogoma. Ikikubali, kimulimuli cha awali au tundu lake ni bovu. Ikikataa huku umelenga vizuri, huenda ni suala la kasi ya mpepeso.

Si kila mtengenezaji anatumia 38 kHz, yaani ile mipepeso 38,000 kwa sekunde. Mfumo wa RC-5 wa Philips, uliotumiwa pia na Marantz na wengine wa Ulaya, uko kwenye 36. Sony wako kwenye 40. Vipo vifaa vya 56. Jicho la 38 bado linaelewa 36 na 40, ila kwa umbali uliopungua. Kwenye 56 linasikia kwa shida. Ndiyo sababu rimoti ya amplifaya inaweza kufanya kazi kutoka mita mbili na kugoma kutoka mita tano, wakati ya kisimbuzi inafika popote. Bang & Olufsen wa miaka mingi walikwenda mbali kabisa, kwenye 455 kHz, na ripita ya kawaida haitawasikia hata ukiibusu. Hapo unahitaji ripita ya wigo mpana au iliyotengenezwa mahususi kwa vifaa hivyo. Hii ni hali mojawapo ambapo kununua kitu kipya ndilo jibu sahihi.

"NABONYEZA MARA MOJA, INAFANYA MARA MBILI"

Amplifaya inawaka na kuzima papo hapo, au chaneli inaruka mbili. Amri inafika kwa njia mbili: kupitia ripita, na moja kwa moja kupitia upenyo wa mlango au kioo. Ripita huchelewesha kidogo sana, lakini inatosha amri kuvurugika au kuhesabiwa mara mbili. Ziba njia moja. Kama mlango wa kabati ni wa kioo safi, huenda hukuhitaji ripita tangu mwanzo. La sivyo, bandika utepe mweusi juu ya dirisha la amplifaya pamoja na kimulimuli chini yake, ili kisikike kimulimuli peke yake.

Visimbuzi viwili vya aina moja kwenye kabati moja ni kesi ya binamu yake: ukibadilisha chaneli kwenye kimoja, vyote vinahama. Kila dirisha lifunikwe pamoja na kimulimuli chake, na vikiwa na rimoti za aina moja utahitaji macho mawili na visanduku viwili, kila kimoja kwa chumba chake.

"ILIFANYA KAZI MIEZI, SASA IMEKUFA"

Ukanda wa pwani una adui anayeitwa chumvi. Pini za milimita 3.5 hushika kutu ya kijani kibichi, na mguso unakatika bila waya kukatika. Chomoa na uchomeke kila pini mara kadhaa huku umezima umeme, kisha futa kwa spiriti au dawa ya kusafishia viunganishi. Panya wanapenda nyaya hizi kwa sababu ni nyembamba. Kagua nyuma ya kabati, hasa waya unapopita kwenye tundu la mbao. Na umeme uliokatika na kurudi kwa kishindo huua adapta kabla ya kuua kitu kingine, kwa hiyo jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile.

Lakini mara nyingi kilichokufa si ripita. Ni amplifaya iliyojifungia kwa joto. Amplifaya ya daraja AB, aina ya kawaida kwenye hi-fi za nyumbani, hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto, hata ikipiga kwa sauti ya chini, na kabati lililofungwa ni tanuri. Ikifika kikomo inakata spika, kitaa kinabadilika rangi au kinapepesa, na haisikii rimoti hadi ipoe. Mwenye nyumba anaona rimoti haifanyi kazi na anapiga simu ya ripita. Fungua mlango, acha dakika thelathini, jaribu. Ikipona, tatizo lako ni hewa: acha nafasi ya sentimita kumi hivi juu yake, toboa matundu chini na juu nyuma ya kabati, usipange kisimbuzi juu ya amplifaya. Mlango wa kabati wenye wavu au nguo ya spika unapitisha hewa kuliko mbao, na wakati mwingine unapitisha infraredi pia.

TUNDU LA WAYA NYUMA YA AMPLIFAYA

Hi-fi nzuri, NAD na Rotel kwa mfano, zina tundu nyuma linalopokea amri kwa waya bila kimulimuli. Ni njia safi zaidi: hakuna gundi, hakuna kulenga. Ila baadhi ya vifaa vinataka ishara ikiwa na mpepeso wake, vingine vinataka iliyochujwa, na pini za kampuni moja si lazima zielewane na za nyingine. Soma kitabu cha kifaa, usikisie.

Na hapa kuna onyo ambalo ningeliandika kwa rangi nyekundu kama ningeweza. Jirani ya tundu hilo huwa kuna lingine la ukubwa uleule, la kutoa volti 12 za kuwashia kifaa kingine. Ukichomeka kimulimuli humo, kimeungua. Ukiunganisha volti 12 hizo kwenye tundu la kupokea amri la kifaa kingine, unaweza kuua saketi ndogo ambayo kuibadilisha kunagharimu kuliko ripita tano.

Kama amplifaya yako ina HDMI yenye ARC (njia inayorudisha sauti ya TV kwenye amplifaya), jaribu kwanza kuwasha CEC kwenye TV, yaani kipengele kinachopitisha amri za rimoti ndani ya waya wa HDMI. Sauti itatii rimoti ya TV kupitia waya, na kabati linaweza kufungwa kwa kufuli.

ZILE ZA REDIO

Kuna ripita zisizo na waya, vijumba viwili kama piramidi, zinazobadilisha infraredi kuwa redio ya takribani 433 MHz na kuirudisha. Zinafaa pale ambapo huwezi kupitisha waya chumba hadi chumba. Bendi hiyo hutumiwa pia na rimoti nyingi za mageti na za magari, kwa hiyo mtu akifungua geti, ripita yako inaweza kumeza amri. Sogeza vijumba mbali na TV na ruta, nyoosha antena, na weka umbali wa mita moja kati ya kijumba na amplifaya. Mimi hupendelea waya kila inapowezekana.

SIMAMA HAPA, MWITE FUNDI

Kila nilichoeleza hadi hapa kinafanyika nje ya kifaa, kwa volti 5 au 12. Acha mara moja ukikutana na mojawapo ya haya:

Unasikia harufu ya kuungua, au adapta imevimba au haishikiki kwa joto. Chomoa ukutani, usiwashe tena kujaribu.

Mwili wa chuma wa amplifaya unakutekenya au kukupiga shoti. Hiyo ni hitilafu ya waya wa ardhi wa nyumba au ya transfoma, na inaua. Fundi umeme, si fundi wa rimoti.

Ripita imepita vipimo vyote, amplifaya haitii hata rimoti ana kwa ana, na umeshakagua swichi zake. Jicho lake la ndani limekufa. Ni kipande cha bei ndogo, ila kimekaa ndani ya boksi lenye umeme wa volti 230 na kapasita kubwa zinazobaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Kifuniko kifunguliwe na fundi wa amplifaya. Ikiwa kifaa bado kina waranti, hata yeye asiifungue.

Unataka kupitisha waya wa jicho ndani ya ukuta. Usiusukume kwenye bomba la nyaya za umeme hata kama lina nafasi: ngozi ya waya huu haikutengenezwa kubeba volti 230, na waya wa umeme ukichubuka humo, umeme utatokea kwenye jicho lililoko chini ya TV. Bomba lake liwe la peke yake. Ukuta ukilazimika kuchimbwa karibu na soketi, tafuta fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya.

Akifika, mpe matokeo ya vipimo vyako kwa mpangilio: rimoti inaonekana kwenye kamera, kitaa cha jicho kinapepesa, kimulimuli hakipepesi, volti za adapta ni kadhaa. Kwa maneno hayo manne ataanzia pale ulipoishia.